Kwa Nini Niliimwaga Supu Yako

Sudi mwanangu,

Wanaoandika barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi sina haja ya kuuliza, maana umelala upande wa pili wa pazia na nakusikia unavyohema. Umekunja miguu kama kawaida yako, na begi umeliweka karibu na kichwa kana kwamba nitaamka nilifiche. Sikulaumu kwa kufikiri hivyo.

Mambo ya sabuni, viatu vya shule na dawa ya malaria sitayaandika. Bibi yako anayajua kuliko mimi, na Kilwa mnakokwenda ni kwao. Nimekaa kuandika kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunakula, ukiwa hunitazami usoni: "Mama, mbona yangu uliimwaga na ya baba hukuimwaga?" Nilikuambia ule, chakula kinapoa. Kisha nikaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

Nitakujibu. Lakini inabidi nianze mbali kidogo, kwa sababu watu wa mtaani wamekusimulia habari zangu vipande vipande, na kila mmoja ametia chumvi yake.

Unajua kwamba nafanya kazi mjini Posta, ghorofani, kwenye ofisi ya utafiti wa bahari yenye kiyoyozi kinachovuja. Hujui nafanya nini huko, na kosa ni langu, sikuwahi kukueleza vizuri. Mimi si mtaalamu. Nilimaliza kidato cha sita, nikafaulu baiolojia na jiografia, halafu nikaolewa, ukazaliwa wewe, na chuo kikabaki huko Mlimani bila mimi. Nikapata ukarani. Napokea picha, nazichapa, naziandika tarehe, nazibandika ukutani. Picha zenyewe zinapigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka juu kabisa, mbali kupita ndege zote. Chombo hicho hakipigi picha ya bahari kama fundi wa studio anavyokupiga wewe siku ya Idi. Kinapima rangi ya maji. Ndani ya maji kuna mwani mdogo mno, hauonekani kwa macho, na ukizaana kupita kiasi rangi ya bahari hubadilika. Mwingine hauna neno. Mwingine una sumu. Chaza na kombe wamekaa palepale wakichuja maji hayohayo, na sumu inabaki kwenye nyama yao. Ukiwachemsha haitoki. Ukiwatia ndimu haitoki. Chaza mwenyewe anaonekana mzima, hanuki, na ni mtamu kama siku zote.

Rangi inapakwa na kompyuta. Penye mwani mchache inaweka buluu, ukiongezeka inaweka kijani, ukizidi mno inaweka nyekundu. Lakini karibu na pwani setilaiti hudanganyika. Tope la mto likimwagika baharini, nalo linatokea jekundu kwenye picha. Mchanga wa maji mafupi vilevile. Ndiyo maana ofisini kwetu kuna desturi kwamba picha haisomwi peke yake. Mashua inakwenda mahali palipoonekana, wanachota maji kwenye chupa, yale maji yanatazamwa kwa darubini, ndipo picha inaandikiwa maelezo. Bwana Elisante, mkuu wetu, alinifundisha hivyo wiki niliyoanza kazi, nikaitikia kwa kichwa kama ninavyoitikia kila kitu.

Mwaka juzi, mvua zilipokuwa zimenyesha hata Jangwani pakawa ziwa, Bwana Elisante alikuwa safarini kwenye semina. Ikaingia picha yenye utepe mwekundu kutoka midomo ya Rufiji kuja huku kwetu. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilimfikiria bibi yako na meza yake ya supu pale Mtaa wa Sikukuu, nikakufikiria wewe, maana ukitoka shule ulikuwa unapitia pale kabla hujavua hata shati. Chupa haikuwa imechotwa. Nilijua haijachotwa. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka kabla ya muda wa kazi kwisha, nikaenda Kariakoo kwa miguu kwa sababu sikuweza kusimama kituoni.

Nilimwambia bibi yako: "Mama, bahari ina sumu. Nimeona kwa macho yangu. Ni hakika."

Hakuuliza mara mbili. Hilo nataka ulijue kuhusu bibi yako, hasa sasa ambapo hatuzungumzi. Alikuwa akiniamini. Alishika sufuria kwa vitambaa viwili akaimimina supu yote mtaroni mbele ya wateja, na kwa kuwa si mtu wa kuficha jambo jema, akawaambia na wenzake wa meza za jirani. Kufika alasiri habari ilikuwa imeshuka mpaka Shimoni kwenye soko kubwa, na ilifika kule ikisema bahari imegeuka damu. Samaki wakakosa mnunuzi. Jua lilikuwa kali siku ile. Mtu mmoja akapanda basi kwenda Feri kutazama, akarudi akiwaambia wenzake maji ni ya buluu kama jana na kama juzi, ila mke wa Yusufu, yaani mimi, ndiye aliyepaka rangi.

Chupa ilipokuja, ndani yake kulikuwa na tope. Tope tupu la Rufiji.

Tangu hapo nikaitwa Mama Setilaiti. Unakumbuka Mangi, yule mwenye duka la jumla linalotazamana na meza ya bibi. Kila nikipita alikuwa akiweka kiganja juu ya macho, anatazama mbinguni, ananiuliza kama leo kutanyesha. Wewe ulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili ulimrushia kokwa la embe, na baba yako akaenda kumwomba radhi huku akijizuia kucheka. Mimi sikucheka. Mimi nilianza kupita Mtaa wa Swahili ili nisipite pale.

Bwana Elisante aliporudi alikuta malalamiko ya wafanyabiashara wanaopeleka kamba na pweza ng'ambo, maana wanunuzi wao huko walikuwa wamesikia. Hakupaza sauti. Alifunga mlango, akakaa, akaniambia: "Zainabu, wewe ni karani. Neno bahari lisitoke kinywani mwako nje ya mlango huu." Wakati ule ofisi nyingi zilikuwa zikipunguza watu. Baba yako alikuwa ameshapunguzwa kiwandani walipokiuza, yeye na vijana wote wa mashine za kufuma, na ndiyo sababu akaenda kusaidia pale kwenye supu. Mshahara wangu ulikuwa ndio pekee ulioingia mwisho wa mwezi. Nikamjibu Bwana Elisante, ndiyo mzee. Nakuandikia haya si ili unionee huruma, bali ujue mtu hawi mwoga kwa siku moja. Anajifunza, kama anavyojifunza kupiga chapa.

Baba yako hakuwahi kunisema kwa habari ile. Mtu akimtania alijibu kwamba yeye ndiye mume pekee Kariakoo ambaye mkewe anaongea na nyota. Alinitetea kwa mzaha, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Lakini nilijua, kila alipokoka moto mapema pamoja na mama yake ili kuwarudisha wateja mmoja mmoja, kwamba ni mimi niliyewafukuza.

Sasa nifike kwenye yenyewe.

Kiangazi cha mwaka huu, mvua hakuna, mito imekonda, niliona doa jekundu kwenye picha, mbali na mdomo wa mto wowote. Tope haliwezi kukaa peke yake katikati ya bahari wakati mito haishushi kitu. Picha iliyofuata doa lilikuwa limesogea. Iliyofuata likawa limegusa pwani yetu, upande wanakotoka wanawake wanaomletea bibi yako chaza. Hapo sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimezitazama picha zile kwa miaka, na hata karani hujifunza anachokibandika ukutani.

Bwana Elisante aliuliza chupa iko wapi. Chupa haikuwapo kwa sababu mashua ilikuwa imekaa bila mafuta tangu wafadhili walipoondoka. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Naamini naye alijua. Akaniamuru nichape taarifa kwa Kiingereza, ya tahadhari, kwenda kwa kampuni zinazosafirisha mazao ya bahari, wangoje kidogo kabla ya kupakia. Niliichapa kwa vidole vyangu, bila kosa hata moja. Nilipomaliza nilimwuliza, kwa sauti ndogo, na wale wanaokula hapa mjini?

"Wanaokula hapa hawana anwani," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. Nimelikumbuka neno lile kila siku tangu siku ile, na nadhani ndilo neno la kweli zaidi nililolisikia katika ofisi yetu.

Ilikuwa Alhamisi. Saa ya chakula nilitoka kana kwamba naenda kununua maandazi. Bibi yako alikuwa amefunga siku ile, kama afungavyo kila Alhamisi, kwa hiyo alikuwa amekaa pembeni akimenya vitunguu, na baba yako ndiye aliyekuwa akipakua. Wewe ulikuwa umetoka shule mapema, umekaa kwenye benchi katikati ya wapagazi wawili, bakuli mbele yako, unapuliza. Mpaka leo nauona mdomo wako ulivyokuwa unapuliza.

Nilimwita baba yako pembeni. Hakuja. Mikono ilikuwa na kazi. Ikabidi niseme palepale, mbele ya watu, na nilipoona wamenitazama, nikapunguza sauti.

"Baba Sudi, chaza wa leo msiwauze. Huenda si wazuri."

"Huenda?"

"Inawezekana. Kuna picha imeingia, ingawa bado haijathibitishwa."

Aliweka upawa chini. Hakukasirika, alichoka tu. "Mama Sudi, mwaka juzi ulisema hakika, tukamwaga yote. Leo unasema huenda. Tumwage nusu?"

Watu wakacheka. Mangi alikuwa mlangoni kwake, mikono mfukoni, akauliza kwa sauti leo Mama Setilaiti ameiona bahari ina rangi gani, maana shemeji yake anataka kununua shati la kufanana nayo. Wakacheka zaidi. Mteja mmoja akalisukuma bakuli lake mbele kidogo, na mwingine akaanza kuinuka. Baba yako aliwaona. Aliona kazi yake yote ya kuwarudisha ikiinuka kutoka kwenye benchi. Akachukua bakuli kubwa, akapakua kutoka chini ya sufuria penye chaza wengi, akasimama katikati.

"Kaeni, ndugu zangu," alisema. "Mke wangu ndiye msomi. Mimi ndiye mlaji."

Akanywa. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake.

Ndipo nilipokugeukia wewe. Niliichukua supu yako kutoka mkononi mwako, nikaimwaga chini, nyingine ikakurukia miguuni, ukalia kwa sababu ilikuwa ya moto. Watu wakasema mama huyu ana wazimu. Nikakushika mkono nikakuvuta mpaka nyumbani, na nyuma yangu nilisikia wakimpigia baba yako makofi.

Hilo ndilo jibu, Sudi. Wewe ulikuwa mtoto wangu, na hakuna anayemshangaa mama akimpokonya mtoto chakula. Yeye alikuwa mume wangu, amesimama mbele ya wateja wake, mbele ya mama yake, mbele ya Mangi. Mke kumpokonya mume bakuli mkononi katikati ya Mtaa wa Sikukuu ni aibu ambayo haifutiki. Ningekuwa nimemvua nguo. Niliiogopa aibu yake kuliko nilivyoiogopa sumu. Niliipima, kwa kitambo kile alichotumia kuinua bakuli, nikachagua.

Bibi yako anasema nilijua. Nilijua. Usimbishie akisema hivyo, na usidhani anasema kwa chuki. Mara ya kwanza nilikuwa sijui, nikasema najua. Mara ya pili nilikuwa najua, nikasema huenda, ili nikikosea wasinicheke tena. Sikudanganya kwa neno hata moja. Kila nilichosema Alhamisi ile kingeweza kuandikwa kwenye taarifa na Bwana Elisante akakitia sahihi.

Yaliyofuata uliyaona nusu. Baba yako alirudi nyumbani akinitania kwamba midomo imekufa ganzi kwa sababu ya kunibusu. Baadaye akasema ulimi umekuwa mzito. Alipotaka kuinuka miguu haikumtii, na ndipo alipoacha kutania akanitazama. Nilitamani aseme. Wapagazi wawili na mteja mwingine nao walikuwa wamefikishwa hospitali, wakitapika, lakini wao walikunywa kidogo, na pumzi zao hazikukatika. Magharibi ilimkuta baba yako hospitali. Isha haikumkuta.

Waliandika amekufa kwa sumu ya chakula. Bibi yako, aliyepika supu maisha yake yote na hajawahi kumuumiza mtu, akabebeshwa maneno hayo mtaani, na meza yake ikafungwa na watu walewale waliopiga makofi. Mangi alikuja msibani. Alikaa kwenye mkeka mpaka jioni, na alipoondoka aliacha gunia la mchele mlangoni. Mashua ilipopata mafuta, siku nyingi baada ya mazishi, walichota maji wakayatazama. Yalikuwa safi. Bahari ilikuwa imekwisha kujisafisha. Kwenye mafaili ya ofisi yetu, mwaka huu hapakutokea kitu. Picha ipo, chupa haikubaliani nayo, na kwa desturi yetu chupa ndiyo husadikiwa. Nimeibandika mimi mwenyewe.

Bado naenda kazini. Huenda hili ndilo linalokuudhi zaidi kuliko yote, kuniona nikifunga kilemba asubuhi na kwenda kulekule. Bwana Elisante alinipa pole, akanipa mapumziko yote ya eda, na niliporudi hatukulizungumza. Tunafanya kazi vizuri. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, ameitazama picha ile, akashtuka kama mtu aliyefumaniwa, akaniuliza kama nimemwona mtu wa umeme.

Ulitegemea nikupe ushauri, maana ndiyo kazi ya barua kama hii. Nina mmoja tu, na sijui kama unafaa. Ukiwa na uhakika wa nusu, sema ni nusu na uvumilie wakuone mjinga. Ukiwa nao mzima, usiukate ili ukalike vizuri mbele ya watu. Kipande unachokikata hakipotei, kuna mtu atakila. Na watu watakaokucheka leo ni walewale watakaokuja kukaa kwenye mkeka wako kesho. Si wabaya. Walitaka tu kula chakula chao cha mchana kwa amani, kama mimi nilivyotaka kurudi ofisini kwa amani.

Kuna jambo jingine, nalo hujalisikia hata kwa vipande kwa sababu ulikuwa umetumwa dukani. Siku eda yangu ilipokwisha, baba yako mkubwa alikuja kutoka Kilwa, wakakaa kikao cha familia hapa chumbani, mimi nikiwa nyuma ya pazia na wanawake. Alisema kwa heshima. Alisema mtoto ni wa upande wa baba, bibi yake amebaki hana mtu, na mimi bado kijana, huenda nikaolewa tena. Akamaliza kwa kuniuliza, "Shemeji, una la kusema?"

Nikasema, "Mkiona inafaa."

Wakafurahi. Wakasema mke wa marehemu ana adabu. Wakasoma dua. Bibi yako, aliyekaa upande wa wanaume kama mkubwa wa ukoo, peke yake hakuitikia amina, alinitazama muda mrefu kupitia upenyo wa pazia, na nilidhani ni dharau. Leo jioni, wakati anakunja mashati yako, nilifikiri kwa mara ya kwanza kwamba huenda alikuwa akingoja nikatae.

Mwanangu, mimi sioni inafaa. Sijaona inafaa hata dakika moja. Nilikubali kwa sababu ulikuwa hunitazami, nikasema afadhali aende kwa watu anaoweza kuwatazama. Nikakifanya kitu hicho kionekane hisani. Ni woga uleule, umevaa kanga mpya.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Alfajiri baba yako mkubwa atakuja na watu wa kubeba mizigo, majirani watatoka kukuaga, Mangi atakuwa anafungua duka. Nitasimama mlangoni. Nitasema kwa sauti ambayo kila mmoja wao ataisikia kwamba sikutoa ruhusa yangu, kwamba mtoto huyu simtoi, na bibi yake kama hana mtu basi aje akae hapa na sisi, chumba hiki kinatosha watu watatu kwani kilitutosha zamani. Najua watasema nimepoteza haya, na inawezekana sana wakakuchukua hata hivyo, maana wao ni wengi na sheria za ukoo haziko upande wangu. Na wewe mwenyewe unaweza kuchagua basi la Kilwa. Ukilichagua sitakushika mkono kukuvuta. Umeshakua, nawe una haki ya kunikasirikia ukiwa mbali.

Barua hii nitaitia mfukoni mwangu, si kwenye begi lako. Ukiisoma ukiwa njiani kwenda Kilwa, itakuwa ni kwa sababu nilishindwa, nikakupa kupitia dirisha la basi, na utakuwa umekwisha kunisikia nikipiga kelele mbele ya mtaa mzima. Ukibaki hutaiona kamwe. Tutakaa chini, utaniuliza tena swali lako, na safari hii sitakwenda uani.

Mama yako,
Zainabu